Tulimlilia Bi Kidude, tukasahau alichoimba

Bi Kidude alipofariki dunia mnamo Aprili 17, 2013, kule Bububu, Unguja, habari zilienea upesi. Kesho yake akazikwa Kitumba mbele ya umati wa viongozi wakuu wa nchi, wasanii na raia wa kawaida. Kisha yakaanza maneno. Redioni, magazetini, runingani na mabarazani, kila aliyewahi kumsikia alikuwa na la kusema. Ukiyakusanya maneno hayo, ya siku zile na ya kila Aprili tangu wakati huo, utaona yanazunguka palepale: alikuwa mkongwe kupindukia, alivuta sigara, alikunywa bia, alipiga ngoma katika umri ambao wenzake hata kusimama ni kwa msaada, alizuru dunia, alikuwa malkia, ameacha pengo lisilozibika.

Na alichoimba je? Hapo kimya.

Sina shaka kwamba mashabiki wa Bi Kidude walimpenda. Mapenzi hayo yalionekana, na yangali yanaonekana. Ninachokisaili ni lugha waliyoitumia kumkumbuka, na hasa lugha yetu sisi tuandikao, kwa maana shabiki wa kawaida huazima maneno anayoyapata gazetini na redioni. Lugha hiyo imembeba mwimbaji ikamweka mbali na nyimbo zake. Kijana wa leo wa Nakuru au Kakamega aliyekutana na Bi Kidude kupitia taazia hizo anamjua bibi mmoja wa ajabu aliyekuwa na sigara mkononi. Mwambie akutajie jambo moja tu ambalo bibi huyo alilisema katika nyimbo zake. Hana.

Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya msiba. Tanzia ni habari yenyewe ya kifo: fulani hatunaye, atazikwa mahali fulani, saa fulani. Rambirambi ni pole ambayo, kwa desturi, huja na kitu mkononi. Buriani ni kuagana na kuombana radhi. Taazia ni kitu kingine. Ni maneno ya kumliwaza aliyefiwa, na aliyefiwa haliwaziki kwa kuambiwa tena kwamba mtu wake amekufa. Analiwazika kwa kutajiwa aliyoyatenda marehemu, moja baada ya jingine, mpaka aone kwamba kumbe wengine nao walikuwa wakiyaona. Wanafunzi wetu wa sekondari hufundishwa kuiandika taazia, na katika fasihi simulizi husoma mbolezi, nyimbo za kilio ambazo katika jamii nyingi humtaja marehemu kwa nasaba yake na matendo yake. Sasa mengi yaliyoandikwa kumhusu Bi Kidude yalijiita taazia ilhali yalikuwa tanzia iliyorefushwa kwa sifa.

Tuanze na umri, kwa kuwa wao walianza hapo. Jina lake halisi ni Fatuma binti Baraka, na alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo kwa baba aliyekuwa akiuza nazi. Cheti cha kuzaliwa hakukuwa nacho. Wapo waliompa miaka 100, wapo waliozidisha, na kila aliyezidisha alionekana amempenda zaidi. Masimulizi yanayojulikana yalikihesabu kuzaliwa kwake kwa pesa: alizaliwa zama za rupia. Ni hesabu nzuri ya Kiswahili, maana wazee wetu hawakuwa wakihesabu kwa kalenda ya ukutani bali kwa njaa fulani, vita fulani, sarafu fulani. Lakini rupia ilitumika Zanzibar mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipoiondoa mwaka 1936. Hiyo ni enzi ndefu, na anayetaka kuigeuza kuwa tarehe anailazimisha iseme kisichokuwamo.

Hata filamu ya mwaka 2006 iliyofanywa kwa heshima na subira kubwa na Andy Jones iliuvaa umri huohuo kama kilemba. Inaitwa “As Old As My Tongue”, jina lililochukuliwa katika jibu la mzaha la Waingereza anapoulizwa mtu ana miaka mingapi naye hataki kusema: nina umri sawa na ulimi wangu. Ni mzaha mzuri. Ila tazama kilichotokea: ulimi wa mwimbaji, kiungo chake cha kazi, umetajwa katika jina la filamu, na bado unapima miaka tu!

Umri ukitangulizwa, usanii hupokewa kama muujiza. Watu husema, “Tazama ajuza huyu, na bado anaimba!” Neno zito katika sentensi hiyo ni “bado”. Mtu anayesikiliza “bado” hawezi kusikiliza wimbo. Ni kama tunavyompigia makofi mtoto wa chekechea akikariri shairi jukwaani siku ya wazazi. Hakuna anayejali shairi lenyewe linasema nini, au kama limekaririwa vizuri.

Halafu kuna malkia. Nchi iliyompindua sultani wake Januari 1964 imebaki na mapenzi makubwa kwa malkia, na sisi huku Kenya hatuko nyuma. Mwimbaji wa kike akishapata wafuasi wawili watatu anatawazwa: malkia wa taarabu, malkia wa mipasho, malkia wa injili, malkia wa hiki na kile. Bi Kidude alipewa enzi mbili kwa mpigo, taarabu na unyago. Kwa taarabu tunaweza kuvumilia. Kwa unyago neno hilo ni la mgeni kabisa, na nitalirudia baadaye maana hapo ndipo penye uzito.

Pengo nalo sitalikalia sana. Asili yake ni mahali palipong'oka jino. Siku hizi anaachiwa mbunge, mwalimu mkuu, mchezaji na mfanyabiashara, na kila mara “haliwezi kuzibika”. Tatizo langu na pengo si kuchakaa kwake tu. Pengo hukuambia pana tundu, halikuambii pale palikuwa na jino gani na lilitafuna nini.

Basi jino lenyewe lilikuwa nini? Chukua wimbo wa “Kijiti”. Wimbo huu ulianzia kwa Siti binti Saad na wenzake, yule mzaliwa wa Fumba ambaye mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na aliyefariki Julai 1950. Bi Kidude aliupokea, akauimba miaka mingi, akaurekodi. Kisa chake ni cha kweli na ni kibaya. Mwanamke mgeni alichukuliwa kwenda kwenye starehe, akauawa. Mwanamume aliyeshukiwa, huyo Kijiti, akakimbilia bara. Kesi ilipofika mbele ya mahakama ya kikoloni, wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake “Pastimes and Politics” cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi nyimbo za Siti zilivyokuwa zikiinyooshea kidole mahakama na wenye nguvu wa mjini, na jinsi watu wa Ng'ambo, wengi wao wazao wa watumwa, walivyozipokea kama habari zao wenyewe.

Sasa mfikirie mwanamke anayesimama jukwaani Unguja, Ulaya au Japani miaka 60 au 70 baadaye, anaimba hadithi ya mwanamke aliyeuawa na wanawake waliofungwa kwa kusema ukweli, na ukumbini watu wanapiga makofi, wanatikisa vichwa kwa mahadhi, wanapiga picha. Hawakijui Kiswahili, hilo haliwezi kuwa kosa lao. Lakini sisi je? Sisi tunakijua. Katika siku zile za maombolezo, wangapi kati yetu tuliandika kwamba mmoja kati ya nyimbo zilizompa jina ulikuwa wimbo wa kuishtaki mahakama? Kuna masimulizi mengi kwamba Fatuma binti Baraka mwenyewe aliikimbia ndoa ya kulazimishwa. Sifungi mafundo mawili pasipo kamba, yaani sisemi kwamba aliimba “Kijiti” kwa sababu hiyo. Nasema kwamba aliyekuwa akiimba alikijua alichokiimba, na kwamba kumkumbuka bila kukitaja ni kumpunja.

Au chukua “Muhogo wa Jang'ombe”. Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, na Mswahili yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa harusi anajua kwamba hapo hauzungumzwi muhogo wa kuchemsha na chai. Ni fumbo la mapenzi, lenye onyo ndani yake na lenye kicheko. Fumbo la namna hii lina wasikilizaji wa tabaka mbili kwa wakati mmoja: mtoto aliyepita na sinia anasikia chakula, mwanamke mzima aliyeketi anasikia jambo jingine, na utamu unapatikana kwa kuwa wote wawili wamo chumbani. Huu ni ufundi wa lugha ambao ungeweza kujaza safu hii kwa wiki nne. Katika taazia nyingi wimbo huu ulitajwa kwa jina tu, kama vile mtu anavyotaja namba ya nyumba.

Kuna jibu ambalo hutolewa hapa, nami nimelisikia kutoka kwa watu wasomi: kwamba maneno hayo hayakuwa yake, alikuwa mwimbaji tu, si mtunzi. Jibu hili limetoka kwenye kitabu, halikutoka kwenye ngoma. Katika fasihi simulizi, anayeuimba wimbo huutengeneza upya. Ubeti huvutwa au hukatwa kwa kuangalia waliokaa mbele, kiitikio hurudishwa mara tatu pale ambapo jana kilirudishwa mara moja, neno hutafunwa nusu ili waliomo wamalizie wenyewe. Bi Kidude alifanya hivyo. Eti kwa kuwa hakushika kalamu basi hana hisa katika maneno? Kwa kipimo hicho tungewavua manju na malenga wetu wengi majoho yao.

Sauti yake nayo ilipambwa mpaka ikapotea. Waombolezaji waliiita nyororo, tamu kama asali, ya kinanda. Jamani, isikilize. Ile ya rekodi za uzeeni, ambazo ndizo wengi wetu tulizo nazo, ni sauti nzito, ina mikwaruzo, hutoka kifuani na kufika kooni ikiwa imechoka kidogo, kisha ghafla hupanda juu na kukaa huko bila kutetereka. Katika okestra ya taarabu, penye udi, kanuni na fidla zilizonyooshwa kama shuka iliyopigwa pasi, sauti hiyo iliingia kama mtu aliyetoka shamba na vumbi miguuni. Hapo ndipo palipokuwa na raha yake. Mwimbaji wa sauti nyororo angeimba “Kijiti” na ungefikiri ni wimbo wa mahaba. Ukisema sauti yake ilikuwa asali umemsifu kwa sifa ya mtu mwingine.

Linganisha na jinsi Mombasa ilivyomkumbuka Juma Bhalo, aliyefariki Aprili 2014, mwaka mmoja tu baadaye. Mashabiki wake, hasa wazee, wakimtaja hawakai dakika mbili kabla hawajaingia kwenye tungo: ubeti upi ulikuwa wa kumjibu nani, neno lipi la Kimvita lina maana gani, shairi lipi lilitoka kwa binamu yake Ahmad Nassir. Hubishana mpaka chai ipoe. Huo ubishi ni ukumbusho bora kuliko mabango. Nakiri hali hazifanani. Bhalo alikuwa na washairi waliojulikana kwa majina nyuma yake, na Mombasa ina mazoea ya kuchambua mashairi vibarazani. Lakini siwezi kuacha kujiuliza kama hakuna jambo jingine hapo. Mwanamume alikumbukwa kwa maneno yake, mwanamke kwa mwili wake: umri wake, sigara yake, kiuno chake.

Nilisema nitarudi kwenye unyago. Kwa msomaji wa bara, unyago ni mafunzo wanayopewa wasichana wanapovunja ungo na wanapoelekea kuolewa: mwili wao, usafi wao, mapenzi, ndoa, namna ya kujitunza na namna ya kujitetea. Msichana anayefundwa ni mwari. Anayemfunda ni kungwi au, kwa neno la pwani ninalolipenda zaidi, somo. Utazame utajiri wa neno hilo. Somo ni kile kinachofundishwa. Somo ni mwanamke anayekufundisha. Somo ni mtu mliyefanana jina, na huku pwani mwanamke humwita hivyo msiri wake wa karibu. Lugha imeweka mafunzo, mwalimu na msiri ndani ya neno moja, na kwa mtu huyo tunasema “somo yangu”, kama tunavyosema “shoga yangu” au “rafiki yangu”, kwa kuwa ni wa karibu kiasi hicho.

Kazi hii Bi Kidude aliifanya miaka mingi, muda mrefu kabla ya kupata mashabiki. Mashabiki kwa maana ya watu wanaolipa kiingilio walimjia kwa wingi uzeeni: rekodi za nje, ziara, tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004, tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Kabla yao walikuwapo wari. Hao hawakumjua kwenye jukwaa. Walimjua ndani, mlango umefungwa, msondo umefungwa kiunoni mwake, na wimbo mmoja ukibeba jambo ambalo mama mzazi angeona haya kulitamka.

Ni kweli kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeutoa unyago ukumbini, mbele ya wanaume na watalii, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Sidhani lawama hiyo ilipiga shabaha. Kilichotoka ukumbini kilikuwa mdundo, mchezo na nyimbo. Somo lenyewe, yaani maelezo, maswali, kuambiwa hili fanya na hili usikubali, lilibaki ndani. Aliyeketi kwenye kiti cha plastiki kule Ngome Kongwe akiangalia viuno vikizunguka hakuona unyago, ameona pazia lake. Ndiyo maana “malkia wa unyago” linanikwaza. Malkia anatazamwa na umati kutoka mbali. Somo anakaa mkekani na mwari mmoja au wachache, magoti kwa magoti.

Kwa hivyo Bi Kidude alikuwa na waombolezaji wa aina mbili, na tuliwasikia wa aina moja. Waliomwona jukwaani walisema, na maneno yao ndiyo yaliyoandikwa. Waliofundwa naye walikuwa na mengi ya kusema kuliko wote, lakini ni siri, na siri ya unyago haitolewi redioni hata kwa nia njema. Hatuwezi kuwalazimisha, wala haifai. Lakini mwandishi angeweza angalau kusema kwamba wapo. Angeweza kwenda kwa mwanamke wa miaka 60 wa Unguja na kumuuliza si alichofundishwa, bali alifundishwaje: alikuwa mkali au mcheshi, alirudia mara ngapi, alimwita mwari wake kwa jina gani. Mambo hayo si siri, na hakuna mwingine awezaye kuyajua.

Neno moja la kando kuhusu jina lake, maana nalo liliumizwa. Inasimuliwa kwamba aliitwa Kidude kwa sababu alizaliwa mdogo sana, kitu kidogo tu. Kidude ni neno la kudunisha. Ukimwita mtu hivyo bila mapenzi umemtukana. Waswahili wakalitangulizia “Bi”, neno la heshima, na hapo pakapatikana jina ambalo nusu yake inainama na nusu yake inamkweza. Huku Kenya magazeti yetu humwandikia “Bi” kila mwanamke, hata mshukiwa aliyefikishwa kortini, kwa hiyo wahariri waliliona kama kitambulisho cha kawaida. Baadhi wakalidondosha na kuandika “Kidude alisema”, “nyimbo za Kidude”. Mwana wa Unguja akisoma hivyo anashtuka kama amesikia mtu akimwita nyanya yake kwa jina la utotoni.

Sipendekezi kwamba tuache kutaja sigara. Ilikuwa sehemu yake, naye hakuificha. Wala sitaki taazia ziwe mihadhara. Nataka mizani ibadilike kidogo. Aprili ikija tena, na picha zilezile zikitolewa kwenye makabati, mtangazaji mmoja aupige wimbo wa “Kijiti” mpaka mwisho bila kuongea juu yake, kisha aeleze kwa dakika mbili ni nani aliyeuawa, nani aliyekimbia na nani waliofungwa. Halafu ndipo, akitaka, atuambie marehemu alikuwa na miaka mingapi.